Mwalimu wa Kuchonga Mbao

Wulansari alitoka Surabaya kuja Yogyakarta kuzunguka kumbi za sanaa, lakini siku ya tatu miguu yake ilimrudisha tena kwenye kibanda cha mwalimu wa kuchonga mbao za kuchapia picha. Mwalimu hana haraka. Hupitisha kidole gumba katika kila mfereji uliochongwa, polepole, kama anayepapasa mgongo wa paka aliyelala. Akisukuma rola ya wino huinamisha sikio, maana wino ulio tayari hulia kama mafuta yanayoanza kupata moto. "Bado," husema. "Huu unanung'unika tu." Kila patasi ina msumari wake ukutani, na kila mtoto anayeingia hutaja jina lake kwa sauti. Wulansari alidhani ni adabu ya pale.

Alasiri hiyo watoto walitandika kitambaa juu ya ubao uliopakwa wino, aliouchonga Tinuk, binti wa miaka kumi na mitatu, wakaupanda peku na kucheza juu yake ili wino ushike, mwalimu akiwapigia makofi. Kitambaa kilipobanduliwa, ukatokea mto na bibi anayefua. Mwalimu hakukitazama. Alimgeuzia Tinuk uso. "Haya, nisimulie umeona nini."

Tinuk akasimulia, asiache hata povu la sabuni. Baadaye Wulansari akamnong'oneza, "Mbona mwalimu hakuitazama picha yako?"

"Haoni, dada. Mwaka wa pili huu." Tinuk akarudisha patasi kwenye msumari wake. "Ila usimwambie kwamba tunajua."