Siku Nilipomuua Nanga wa Mlingotini

Mpaka leo nikipita Mlingotini nashusha ushungi karibu na pua, na si kwa ucha Mungu, ni aibu tu, maana kule watoto wakiniona wanaambizana "yule ndiye aliyemzika mzee Athumani", na wakubwa wanaanza kucheka halafu wanaacha katikati wakikumbuka mambo yalivyoishia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bagamoyo mjini, nashona sare za shule, nina watoto wawili, na (msicheke) nilikuwa mpangaji wa visa katika ligi ya mieleka ambayo haipo. Haipo kwa maana hakuna ulingo wala jasho, ni grupu la simu tu, kila mmoja wetu ana mwanamieleka wake aliyembuni mwenyewe, kimo chake, majigambo yake na mbinu zake za kukaba, na kila baada ya miezi kadhaa tunafanya onyesho kubwa ambapo wanamieleka wanapambana kwa maandishi na grupu linapiga kura nani kaandika vizuri zaidi. Onyesho lenyewe si kazi. Kazi ni ile katikati, kati ya onyesho na onyesho, watu wakishapoa, mwingine ana mtihani, mwingine mtoto anaumwa, na mpangaji usipowatafutia kisa, nani kamsaliti nani, nani kaficha mkanda wa ubingwa, basi onyesho jingine likifika hakuna mwenye hamu nalo. Hiyo kazi nilikuwa naipenda kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Nakata kitambaa huku kichwani nagombanisha watu wasiokuwepo.

Mwanamieleka wangu mwenyewe nilimwita Nanga wa Mlingotini. Jina nililichukua kwa mjomba wangu Athumani, kaka yake mama, ambaye alipokuwa kijana wenzake walimwita Nanga kwa sababu kwenye mashindano ya kuvuta kamba alikuwa akishakita miguu mchangani hang'oki. Nyumbani hatukumwita hivyo, kwetu alikuwa mjomba Athumani tu, na nililichukua jina lile kwa mapenzi. Mjomba anaishi peke yake. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee, Rehema, aliolewa na mwalimu Mkristo kutoka bara, mjomba akakataa kabisa, akasema maneno, binti naye akajibu maneno, na tangu hapo Rehema yuko Dar es Salaam na baba yuko Mlingotini, mwendo wa asubuhi moja tu, na kwa miaka yote ile hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake.

Sasa tulikuwa tumetoka kwenye onyesho moja lililodorora, grupu kimya, na jingine ni mpaka baada ya Idi. Nikaona dawa ni kumuua Nanga. Si moja kwa moja: afe, watu walie, adui yake (mwanamieleka wa Hemedi, mwenzetu wa grupu, kijana anayeuza simu pale Kerege) aje mazishini kufanya kejeli, apindue jeneza alikute tupu, halafu Nanga atokee mzima kwenye onyesho kubwa. Kisa kizuri. Hata leo nasema kilikuwa kizuri. Na ningeandika tu "jamani, kisa cha wiki hii, Nanga kafa", yasingetokea haya. Lakini nikajiambia, kwa nini nisiandike kama tangazo lenyewe la msiba, washtuke kidogo?

Nikaandika: "Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Nanga wa Mlingotini ameng'oka. Mzee wetu ametutoka alfajiri hii. Mazishi ni leo alasiri. Mwenye kinyongo naye aje amalizane naye." (Hilo la mwisho lilikuwa chambo cha Hemedi.) Nikatuma, nikaitia simu kwenye droo ili nimalizie sare za watu, nikawa najichekea peke yangu kwenye cherehani kama mwehu.

Hemedi naye, kwa ushabiki wake, akalichukua tangazo lote akaliweka stetasi, bila neno la ziada, kauso tu kanakolia machozi. Shemeji yake wa Mlingotini akaliona. Kule Nanga ni mmoja tu. Watu wakaenda kwa mjomba wakakuta mlango umefungwa kwa kufuli na simu haipatikani, wakakata shauri kwamba aliugua usiku akakimbizwa hospitali mjini na huko ndiko alikofia, na kwamba maiti iko njiani.

Haya yote mimi siyajui. Nilikuwa naweka vifungo mama alipoingia dukani bila viatu, khanga iko begani, akaanguka juu ya marobota ya kitambaa akasema, "Zuhura, kaka yangu! Mjomba wako Athumani amekufa!"

Na mimi, enyi wenzangu, nikalia. Nisikilizeni vizuri hapo: nikalia kweli, kwa sauti, mpaka mwenye duka la jirani akaja kunishika, maana mama alisema Athumani, hakusema Nanga, na kichwani mwangu watu hao wawili hawakuwa mtu mmoja. Tukapanda bajaji, mama analia upande huu, mimi upande ule, nawaza sijamtembelea mjomba tangu mfungo, nawaza aliniahidi mihogo sikuifuata. Tulipofika turubai lilishafungwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka, vijana wamekwenda kuchimba kaburi. Ndipo kipaza sauti cha msikiti kikakohoa, na imamu akasoma, taratibu, kwa huzuni: "Nanga wa Mlingotini ameng'oka..."

Machozi yalikauka palepale. Nilijua neno linalofuata, na linalofuata hilo, na nikayasikia yanakuja moja moja kwa sauti ya imamu mpaka kwenye kinyongo. Nilitaka kusimama niseme. Lakini mama alikuwa ameniegemea analia, na nikajiambia nitasema, ngoja kwanza anyamaze, nitasema, na kila nilipokuwa nasema nitasema watu walizidi kuingia.

Aliyeingia baadaye alikuwa Rehema, tangazo lilikuwa limemfikia kwenye simu huko huko Dar es Salaam.

Sikumtambua mara moja, alikuwa amenenepa kidogo na ana mvi za mbele. Hakuamkia mtu. Alipita katikati ya wanawake akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa baba yake, akaupiga ule mlango kwa viganja, akasema, "Baba nisamehe. Baba, nilikuwa nije. Kila mwaka nilisema nitakuja. Nisamehe baba." Wanawake wote wakapasuka kilio. Mimi nilikuwa nimeuma khanga.

Na hapo hapo, Mungu na mipango yake, mjomba akatokea nyuma ya nyumba akisukuma baiskeli, kapakia mihogo, anatoka shamba. Akaona turubai. Akaona umati. Akasimamisha baiskeli akauliza kwa heshima zote, "Asalaam alaykum. Poleni jamani. Kafa nani?"

Bibi mmoja alizimia, vijana wawili waliruka ua. Rehema akageuka taratibu. Walitazamana, baba na mwana, na nawaapia niliona mkono wa mjomba ukiacha usukani ukaenda mbele, hivi, kama anayetaka kumshika mtu uso. Lakini watu walikuwa wengi mno, wote wanamtazama yeye, na mjomba ni mtu wa haya iliyochanganyika na kiburi, mkono ukarudi, na kilichomtoka kinywani kikawa, "Kumbe mpaka nife ndiyo unakuja?"

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Hakuna msiba. Nimeandika mimi, ni mieleka."

"Mieleka gani?" akauliza imamu.

"Ya kubuni, sheikh. Tunaandikiana kwenye simu."

"Mnapigana kwenye simu?"

"Hatupigani. Tunapanga tu nani apigane na nani, halafu huyu Nanga ilikuwa afe kidogo, afufuke baada ya Idi."

"Astaghfirullah," akasema imamu, na kuna mtu nyuma akacheka, na kicheko kile kikasambaa (nani wa kuwalaumu, walikuwa wamechimba kaburi zima), watu wakawa wanacheka na kulaani kwa pamoja, na mimi mwanamke mzima na futi ya kupimia nguo ingali shingoni nimesimama katikati yao naeleza habari za mkanda wa ubingwa.

Rehema hakucheka. Alisema, "Mwenye kinyongo aje amalizane naye. Hilo uliliandika kwa ajili yangu." Nikamwambia hapana dada, haki ya Mungu, nilimwandikia Hemedi wa Kerege. Akasema, "Wewe na baba mlikaa mkanipangia." Nikamgeukia mjomba aseme chochote. Mjomba alikuwa anafungua kamba ya mihogo. Anafungua, anafunga tena, anafungua. Rehema alisubiri, hilo naliapia, alisubiri pale mlangoni muda mrefu kuliko mtu mwenye hasira anavyosubiri, kisha akashika njia ya barabarani. Mama alimkimbilia. Alirudi peke yake.

Turubai lilipofunguliwa nilibaki kufagia uwanja, maana ningekwenda wapi. Mjomba alikaa kwenye kibaraza. Nikapiga magoti nikamwomba radhi, akasema, "Inuka mwanangu, ulikuwa unacheza tu." Halafu akaniuliza, "Miguu yake uliiona?"

"Ya nani, mjomba?"

"Rehema. Alivaa ndala mbili tofauti. Moja nyekundu, moja ya bluu. Yaani alitoka tu kule kwake, hakutazama." Akatazama njia. "Naambiwa alimwomba radhi maiti. Mimi niliye hai sikujua pa kuanzia."

Sikuwa nimeiona miguu yake. Yeye aliiona.

Jioni ile Hemedi akanitumia ujumbe wa pole nyingi na mwishoni akauliza, sasa Nanga anafufuka lini, watu wanasubiri. Nikajaribu. Nilikaa na simu nikaandika "Nanga" nikafuta, nikaandika tena nikafuta, kisha nikajitoa kwenye grupu bila kuaga, na upangaji wa visa nasikia sasa anaushika yeye, na watu wanasema hajui kuua.

Rehema nimempigia, hapokei. Ujumbe anausoma, hajibu. Nimemwandikia kila kitu isipokuwa habari ya zile ndala, hiyo si yangu kuiandika, nimemwambia mjomba aiseme kwa mdomo wake. Kila Ijumaa nikienda namtia simu mkononi na namba iko tayari, anaishika, anaitazama, ananirudishia, anasema, "Kesho, mwanangu." Na mimi niliyekuwa napangia watu ugomvi na mapatano kutoka nyuma ya cherehani, nimeapa sitaandika tena kifo cha mtu yeyote, hata asiyekuwepo, na siku hizi kazi yangu ni hiyo tu: kuichaji simu, kuitia vocha, na kurudi Ijumaa.