Gego la Mwisho la Mama

Mama alikuwa amebakiwa na gego moja, na hilo moja lilikuwa limeoza. Shavu lilimvimba kama aliyeficha limau. Binti yake, muuguzi, alikuwa amempangia miadi ya kung'olewa mara tatu, na mara tatu Mama hakutokea.

"Likitoka nitasomea nini?" aliuliza.

Msimcheke upesi. Kwa miaka thelathini na mmoja alitunza ghala la miamba, ambako vipande virefu vya mawe na udongo vilivyochimbuliwa ardhini hulazwa kwenye masanduku, tabaka kwa tabaka. Shule aliishia la saba. Lakini alimega kipande, akakitafuna, akakwambia. Kikiteleza ni udongo wa mfinyanzi, uliotuama chini ya ziwa. Kikikwaruza ni mchanga laini, ulioletwa na mto. Wasomi walimwita Mama Gego, kwanza kwa utani, baadaye kwa heshima.

Safari hii masanduku yalikuwa arobaini, ya mahali litakapojengwa bwawa. Bondeni, chini ya bwawa hilo, kuna mtaa mzima, na binti yake anaishi humo. Injinia wa mradi alishaandika: mfinyanzi mtupu, maji hayapenyi.

Binti alichoka kubembeleza, akamfuata ghalani. Alimkuta kwenye sanduku la thelathini na tatu, machozi yakimtoka kwa maumivu, bado anatafuna.

"Mama, twende. Nakuomba."

"Ngoja kwanza. Hiki kinakwaruza."

Kipande chenyewe kilikuwa upana wa kiganja, rangi ileile ya wenzake. Injinia akaitwa, akacheka kwa adabu.

"Mama, si hilo jino bovu linakudanganya?"

"Tafuna wewe, mwanangu. Yako mazima."

Akatafuna. Akamega tena.

"Mto ulipita hapa," Mama alisema. "Na maji hufuata mkondo. Ukiyafungia hapo juu, yatarudi kwenye njia yao ya zamani."

Ujenzi ukasimamishwa siku hiyohiyo, na jioni gego likang'olewa. Binti alijivunia Mama mpaka akaona haya, kisha akahuzunika, maana alidhani kazi ya mama yake imeishia pale.

Mwezi uliofuata injinia alileta masanduku mapya. "Tumechimba kwingine, Mama. Nimekuja utusomee."

"Hana jino tena," binti akamjibu kwa upole.

Kipande kilishakuwa mdomoni mwa Mama, kinazunguka taratibu.

"Ufizi nao unasikia," alisema hatimaye. "Tena hauumi."