Kiganja Mlangoni

Kwa miaka kumi na saba Mansuri alilewa mbele ya kamera bila kuonja hata tone. Morogoro nzima ilimwita Taputapu, jina la mlevi aliyemwigiza katika filamu zake zote. Sokoni wauza nyanya walipepesuka wakimwona. Hata msikitini kulikuwa na waliobana vicheko alipoinama kurukuu.

Ndipo Evance, mwongozaji wa filamu, akampa nafasi ya baba aliyefiwa na mtoto. Jaribio la kwanza mafundi walicheka kabla hajafungua mdomo.

"Jumamosi tunarudia," Evance alimwambia. "Wakicheka tena, kaka, nachukua mtu wa Dar."

Alhamisi Mansuri alipanda kijijini Kinole, milimani, kwenye matanga ya Mzee Mikidadi. Ukoo wake ulitaniana na ukoo wa marehemu, na siku ya kuanua matanga mtani huvaa nguo za aliyekufa na kumwigiza, wafiwa wapate kucheka. Wakamvika koti la kahawia lililonuka moshi na karafuu.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi uani. Alikohoa kama mzee, akawatukana kuku kama mzee. Watu walishika mbavu.

"Mjomba!" alipaza sauti Maimuna, mpwa wa marehemu. "Hata huko wamekukataa?"

Alipofika mlangoni akasimama. Hakuwa amepanga kusimama. Mkono wa kulia ulishuka hadi usawa wa kiuno, kiganja kikapapasa hewa, taratibu, mara mbili.

"Anatafuta chupa!" mtu mmoja alipaza sauti, na uani kicheko kikalipuka.

Ndani, Bi Mwanahawa, mjane aliyekuwa akikaa eda, hakucheka.

"Shikamoo, bibi," alisema Mansuri.

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, bibi?"

"Tulikuwa na mtoto, Mwajuma. Kila jioni alimngojea baba yake hapo hapo uliposimama. Alikufa ana miaka minne, hao wanaocheka hawajazaliwa. Tangu hapo mzee akirudi shamba, tukiwa wawili tu, alikuwa akimpapasa kichwa. Mbele za watu hakufanya hata siku moja."

Mansuri aliutazama mkono wake. Ulikuwa bado umeshuka.

"Usiuondoe haraka," bibi alimwambia. "Mwajuma huwa analia."

Jumamosi Evance alisema, "Haya, ingia nyumbani kwako." Mansuri alifika kwenye mlango wa mbao walioutengeneza mafundi, akasimama, akashusha mkono. Hakuna aliyecheka. Fundi wa taa alirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayempisha mtoto apite, kisha akatazama chini na kushangaa kwa nini amepisha.

"Baba ni wewe," Evance alisema.

Nafasi akaipata, na filamu ilipotoka wauza nyanya wakaacha kupepesuka. Ila nyumbani kwake Kihonda, Mansuri sasa huingilia mlango wa nyuma, na huhakikisha mikono yote miwili imebeba kitu.