Siku Tuliyompelekea Uji Mshambuliaji Mzima

Naomba mnisikilize bila kucheka, ingawa najua mtacheka, maana hata mke wangu aliyekubali kunivumilia mbele ya mashahidi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ndiye yule kocha wa Misima aliyewapandisha watu kwenye gari na chupa ya uji kwenda Korogwe kumjulia hali mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe tukamkuta uwanjani anafunga goli. Habari hii imeshafika Handeni mjini, imeshafika Hale, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (eti nililia, sikulia, lilikuwa vumbi), kwa hiyo bora niiseme mwenyewe kama ilivyokuwa, kwa sababu aibu ni yangu na sina wa kumgawia.

Kazi yangu ni fundi baiskeli. Ukocha nilipewa kwa sababu nilikuwa na filimbi na sauti kubwa, na pia kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Timu yetu ilikuwa na mchezaji mmoja tu, Rajabu, kijana mrefu mwenye mguu wa kushoto ambao ukiupa mpira watu wanaanza kushangilia mapema, na wale wengine kumi, Mungu anisamehe, walikuwa wanamsindikiza. Sasa Rajabu akasusa, na alisusa kwa sababu yangu. Tulikuwa tunacheza na Kwedizinga, tukapata penalti, Rajabu akaushika mpira, mimi huku nje nikapiga kelele kwamba penalti apige nahodha (nilitaka tu watu waone kwamba timu ina kocha), nahodha akaupiga mpira ukaenda kwenye mahindi ya watu, basi Rajabu akavua jezi, akaikunja vizuri kabisa, akaiweka kwenye mstari wa majivu na kuondoka zake. Nami kwa hasira nikasema, "Mwacheni aende, timu hii si ya baba yake."

Baba yake ni marehemu. Na uwanja ule, visiki vyake aliving'oa yeye kwa mikono yake, enzi hizo mimi bado naangua maembe ya jirani. Walionisikia ni wale vijana wa akiba tu waliokaa karibu yangu, wakainamisha vichwa wakawa wanafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa tayari. Jioni mmoja wao akamfikishia Rajabu neno lile, na kesho yake Rajabu akaenda Korogwe kwa mama yake mdogo, akazima simu.

Haikupita wiki timu moja ya Korogwe ikatuma salamu, inamtaka Rajabu, na kwa kubadilishana itatupa golikipa na beki wa kulia. Mwenyekiti wetu ni Mzee Luhende, ambaye babu yake aliletwa huku kukata mkonge akabaki, na yeye hupenda mambo yaende haraka. Akaitisha kikao pale nje ya karakana yangu, akasema, "Mtu asiyetutaka, sisi tunamtaka wa nini? Golini tumeweka kijana anayefumba macho mpira ukija. Tuchukue golikipa na huyo beki, tumwache aende zake kwa amani." Watu wakaanza kutikisa vichwa kwamba ni kweli. Nikaona nampoteza Rajabu, na nikaona kitu kingine kibaya zaidi, kwamba wakishaanza kujadili kususa kwake, mtu atauliza kasusa nini, na lile neno langu litatoka hadharani.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nikasema, "Jamani, kijana hajasusa. Anaumwa. Hata siku ile alitoka kwa sababu ya homa, sasa amelala kwa mama yake mdogo, nyie mnamuuza mgonjwa?"

Ndugu zangu, ilikaa vizuri sana. Watu waliona haya. Mzee Luhende mwenyewe alivua kofia akasema tusubiri apone kwanza, mauzo yatazungumzwa baadaye. Nilirudi kwenye baiskeli zangu najiona mtu mwenye akili, kumbe nimesahau ninaishi wapi. Kwetu ukisema mtu anaumwa huwezi kuliacha neno likae hapo, lazima watu waende wakamwone. Sijui kwa nini hilo halikunijia kichwani, mimi niliyezaliwa hapa hapa na kila siku napita kuwapa watu pole.

Ijumaa shehe alimwombea dua baada ya swala, na mimi niliitikia amina kwa sauti, kwa sababu ningenyamaza watu wangeshangaa. Jumapili asubuhi nasikia kanisani nako mchungaji kamtaja kwa jina. Na kabla ya yote hayo, jioni ileile ya kikao, mama yake Rajabu alifika karakana akiwa amejifunga kanga kiunoni, amekuja kwa haraka.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Kocha, mwanangu anaumwa nini?"

Mama huyu ana mtoto mmoja tu. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema ukweli, tulikuwa wawili na tairi la baiskeli. Nikasema, "Homa tu, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Simu yake haipatikani. Ya mdogo wangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji tangu mwezi jana. Mtu akiwa mzima anazima simu?" Akafuta macho kwa pindo la kanga. "Kwa nini wamekuambia wewe wasiniambie mimi?"

Nikajaza tairi upepo.

Jumapili mchana ikaja Kanta ya kubebea mahindi, kina mama wakapanda na mabeseni, mayai, unga, ndizi, machungwa, Mzee Luhende akapanda na jogoo wake mwekundu ambaye sijawahi kumwona akimtoa hata sikukuu, na Mama Rajabu akakaa mbele kwa dereva, chupa ya uji wa ulezi ameipakata. Mimi nikasema nina baiskeli za watu, siwezi kwenda. Mzee Luhende akaniambia, "Wewe ndiye uliyeleta habari, utatuongoza." Nikapanda. Njia nzima kina mama waliimba kaswida, wakimaliza wale wa kanisani wakaimba pambio, na mimi nilikuwa nimeshika bomba la gari naomba tairi lipasuke (mimi, fundi, naliombea tairi mabaya). Halikupasuka. Tukavuka mto Pangani, tukaingia Korogwe.

Kwa mama mdogo tulikuta mlango umefungwa. Jirani akatoka akatutazama sisi na mabeseni yetu, akasema, "Wote wako uwanjani. Si Rajabu anacheza leo?"

Mama Rajabu akanigeukia. Nikasema, "Labda amepata nafuu."

Nafuu gani. Tulifika uwanjani kipindi cha pili, kumejaa, na wakati kina mama wanashuka kwenye gari na mizigo kichwani, Rajabu akachukua mpira katikati, akampita mmoja, akampita wa pili, akaupiga kwa ule mguu, wavu ukatikisika. Uwanja mzima ukaruka. Na kwetu, nawaambieni ukweli, Mzee Luhende aliruka pia na jogoo wake, kwa mazoea, kisha akakumbuka akatulia.

Sasa wenyeji wanatuona. Wanaona kundi la watu wazima kutoka kwao Rajabu, wamevaa vizuri, na mama yake mzazi, na kuku, na unga, na mayai, wanaingia kwa heshima bila kelele. Wewe ungedhani nini? Mtangazaji wao akashika kipaza sauti akasema kwamba wageni wa Misima wamekuja leo kumkabidhi rasmi kijana wao kwa baraka za wazazi, akasema ustaarabu wa namna hii hajawahi kuuona. Watu wakapiga makofi. Mechi ilipokwisha tukaletewa viti vya plastiki, tukakalishwa meza kuu chini ya turubai, tukapewa soda, vitu vyetu vikapokelewa kimoja kimoja na kuonyeshwa kwa watu, beseni la unga makofi, mayai makofi, na Mzee Luhende akanyang'anywa jogoo kwa upole huku akitabasamu bila kuelewa.

Halafu kipaza sauti kikaletwa kwangu.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, kwamba samahani, mmekosea, na nadhani mtu mwingine yeyote angeyasema. Lakini mbele yangu kulikuwa na watu wengi wanafurahi, mkono wangu wa kulia kiongozi wao ananitazama kwa upendo, na mimi nikipewa kipaza sauti huwa sauti inatoka yenyewe. Nikasema, "Sisi watu wa Misima tumekuja kwa furaha. Kijana wetu tumewaletea. Mtunzeni."

Makofi yalidumu mpaka nikakaa. Mzee Luhende akaniinamia sikioni, akaniuliza taratibu, "Na golikipa?"

Nikamwambia la golikipa tutalizungumza. Akasema, "Umemtoa bure. Na jogoo wangu juu." Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesoma kitu asichokiamini.

Ndipo Mama Rajabu aliponyoosha mkono akakichukua kile kipaza sauti mezani. Alikishika mbali na mdomo kama watu wasiokizoea, lakini kilishika kila neno. Akasema, "Mimi sijaja kumkabidhi mtu. Nimeambiwa mwanangu anaumwa, nimemletea uji."

Kucheka kulianzia nyuma kabisa, kwa watoto waliokaa ukutani, kukaja mbele safu kwa safu mpaka kukafika meza kuu, na yule kiongozi mwenye upendo akaziba mdomo kwa leso. Rajabu akapita katikati ya watu bado na jasho lake, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamsalimia, akauliza, "Mama, nani kakuambia naumwa?"

Watu wote wa Misima walinitazama, na watu wa Korogwe walipoona wa Misima wanatazama wapi wakatazama huko huko.

Rajabu hakunitukana. Ningependa angenitukana. Akasema, "Kocha, ungewaambia tu nimekasirika."

"Wangeniuliza kwa nini," nikasema.

"Ndiyo. Wangekuuliza."

"Kwa nini?" akauliza mama yake. Hakumuuliza mwanawe, aliniuliza mimi. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwake na hakujua kukizima, na mimi sikuthubutu kumwomba akizime, kwa hiyo nililisema lile neno langu, lile la timu si ya baba yake, mbele ya mama, mbele ya mtoto, mbele ya Korogwe nzima, na spika zile mbili zikalirudia kwa sauti nzito kuliko yangu. Hakuna aliyecheka tena. Nilitamani hata homa ya kweli.

Mama Rajabu akafungua chupa, akamimina uji kwenye kikombe, ulikuwa bado wa moto, akanipa mkononi. "Kunywa wewe," akasema, "tusirudi nao."

Nilikunywa wote. Ulikuwa na sukari nyingi na tangawizi, uji mzuri, uji wa mtu anayependwa, na watu walisubiri mpaka nikamaliza.

Kurudi hakuna aliyeimba. Rajabu alibaki kule, na sikumlaumu, alimwambia mama yake kwamba angerudi siku ya kwanza tu kama mtu angemfuata akamwomba radhi, alisubiri na hakuna aliyekuja, ndipo akakubali kuvaa jezi ya watu. Maana yake ni kwamba sikuhitaji kuuza wala kubadilishana wala kudanganya. Nilihitaji nauli ya kwenda tu na neno moja. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri mpaka leo. Golikipa hatukupata, beki hatukupata, wale wenzetu wa Korogwe wakasema makabidhiano yalishafanyika hadharani na kocha mwenyewe ndiye aliyesema. Kijana wetu wa golini anaendelea kufumba macho, tumefungwa na kila mtu, hata Kwedizinga wametuonea huruma wakapunguza kasi. Filimbi nilimrudishia Mzee Luhende, akaipokea, akaniuliza jogoo nitamlipaje.

Nimejiapiza kwamba sitamtaja tena mtu yeyote kuwa mgonjwa, hata nikimwona amebebwa kwenye kitanda. Lakini kiapo hakinisaidii kitu. Mama Rajabu bado anapita karakana kila siku akienda shamba, namwamkia, anaitikia marahaba vizuri tu, wala hajawahi kunisema. Juzi nikamwambia, "Mama, chukua mwavuli, mvua inakuja." Wingu lilikuwa jeusi juu yetu wote wawili na matone yameshaanza kupiga bati. Akanishukuru, akavuka barabara, akamuuliza muuza mihogo kama ni kweli.