Mkamwana Nyuma ya Mnyororo

Tulinagwe alikuwa akiuogopa ule usukani tangu siku haisi ilipotoka kwa fundi, na hakuwa amemwambia mtu hata mmoja kijijini. Angemwambia nani? Mwanamke wa Lufingo anayeendesha gari akisema anaogopa usukani, wanaume wa kijiweni hawatauliza usukani una nini. Watacheka mpaka washike mbavu, kisha watamwambia arudi jikoni. Basi alinyamaza. Kila asubuhi alipanda kwenye kiti kama mtu anayeitwa kupewa majibu hospitalini, na bado alitekenya ufunguo akaenda.

Kazi yake ilikuwa maziwa. Alianza kwa kubeba ndoo kichwani, nyumba kwa nyumba, akiwakusanyia wafugaji na kuyapeleka Tukuyu. Mumewe Yohane alipopata vijisenti akanunua haisi iliyochoka, na kwa kuwa njia za kwao mvua ikinyesha hata ng'ombe huteleza, akaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini. Fundi yule akaiinua juu, akaitia diffu ya mbele iliyotoka kwenye gari jingine kabisa, ikawa inavuta kwa magurudumu yote manne. Jamani, ilipanda! Palipowashinda wenye magari ya maana, haisi ya maziwa ilipita ikinguruma. Halafu Yohane akaenda Chunya kutafuta dhahabu, kama wanavyokwenda wote, akamwachia mkewe ufunguo, mtoto wao Hellen, na huo usukani.

Maana usukani haukuwa mzima. Gari likikanyaga shimo, ulitetemeka mikononi mpaka viwiko. Likitoka kwenye kona, halikunyooka lenyewe, na kwenye tambarare lilivutia kulia, polepole, kama mtu anayekuvuta mkono bila kusema shida yake. Tulinagwe alibadilisha matairi. Haikusaidia. Akapaka grisi beringi, akanyoosha magurudumu, akanunua shokapu mpya. Wapi! Mwishowe akampigia simu Yussuph, fundi wa Makandana aliyezoea kumtengenezea.

"Dada, ugonjwa wa usukani mtu mmoja hauoni," Yussuph alimwambia. "Mmoja akae kwenye kiti azungushe kidogo kushoto, kidogo kulia. Mwingine alale chini atazame kila kiungo na kila fimbo. Panapocheza, hapo hapo ndipo panapoumwa. Ukishindwa kuniletea gari, fanyeni wenyewe. Kwani nyumbani huna mtu anayejua magari?"

Mtu alikuwepo, tena anayejua kweli. Baba mkwe wake, mzee Ambindwile, alikuwa dereva wa matrekta ya mashamba ya chai tangu ujana mpaka mvi, na hadi leo lendirova yake kuukuu ilikuwa ikiwaka kwa sababu aliifungua na kuifunga mwenyewe. Nyumba yake ilitazamana na ya Tulinagwe, katikati migomba tu. Lakini alikuwa baba mkwe.

Siku hizi wengi wameacha mwiko wa mkwe, tusidanganyane. Pale Tukuyu mjini utamwona mkamwana na baba mkwe wanakula sahani moja na kubishana habari za mpira. Kwa mzee Ambindwile, hapana. Mkamwana wa Kinyakyusa aliyelelewa akalelewa, kwake yeye, hamtazami baba mkwe usoni. Akimwona njiani huacha njia, huingia migombani, hugeuka na kupiga magoti mpaka mzee apite. Jina lake halitamki hata akiota. Na mzee naye hugeuza macho, kwa sababu heshima ile ni ya watu wawili. Tulinagwe alikuwa ameishi pale tangu aolewe, amempikia yule mzee kila siku ya Mungu, na hakujua macho yake yana rangi gani. Sasa amwambie alale chini ya gari, yeye akiwa juu yake kwenye kiti? Mwee! Afadhali usukani utetemeke.

Ukatetemeka mpaka asubuhi moja ya masika. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba, madumu yamejaa maziwa mpaka kwenye kiti cha abiria, njia imekuwa utelezi mtupu. Haisi ilikuwa inamalizia kupanda kilima akasikia kitu kimepiga paa! chini ya miguu. Usukani ukawa mzito kama umemwagiwa zege. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Akazima, akaegesha pembeni, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akampigia Yussuph.

"Huo ni mkanda umekatika," Yussuph alisema baada ya kumsikiliza. "Kwenye gari lako mkanda mmoja ndio unaozungusha pampu ya usukani na ya maji. Usiwashe, utaua injini. Tafuta wa kukuvuta ulilete gereji. Gia ndogo, ile ya kuvutia manne, iweke katikati, hab za mbele zilegeze magurudumu yazunguke bure, na ufunguo usiutoe, maana ukiutoa usukani utajifunga. Usukani utakuwa mzito, breki itakuwa ngumu. Kanyaga kwa nguvu zako zote. Mnyororo usilegee."

Unajua alijisikiaje? Alifurahi. Kumbe miezi yote ile ni mkanda tu! Alicheka peke yake kwenye ukungu. Ndivyo tulivyo: mtu akipata jina la ugonjwa mmoja, haulizi tena kama kuna wa pili.

Gari la kuvuta lilikuwa moja tu kijijini. Akampigia mama mkwe wake, Atuganile, na haukupita muda mrefu lendirova ikaja inakohoa, mzee kwenye usukani, mama pembeni yake. Tulinagwe alipoisikia tu akaingia migombani, akageuza mgongo, akajifunika khanga kichwani.

Mzee alishuka, akafunga mnyororo. Atuganile akasimama katikati ya njia, kwani maneno ni yeye wa kuyabeba.

"Mama, mwambie baba aende taratibu kwenye mteremko," Tulinagwe alisema, uso kwenye mgomba.

"Anasema uende taratibu kwenye mteremko."

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Na wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri tu! Ungecheka, kama usingejua kilichokuwa mbele. Mzee alirudi kwenye lendirova yake, na hapo ndipo mkamwana akatoka migombani akapanda haisi. Atuganile alikataa katakata kupanda. "Mimi gari linaloburutwa silipandi. Nendeni salama," akasema, akashika njia ya nyumbani kwa miguu.

Mnyororo ukakaza, haisi ikajongea. Ndipo Tulinagwe akakumbuka kitu ambacho madereva wawili wowote duniani wangekubaliana kabla ya kuondoka: nikitaka usimame, nifanyeje? Alifungua mdomo amuite mama. Mama alikwisha kupotelea kwenye ukungu.

Akatazama mbele. Kioo cha pembeni cha lendirova, kile ambacho mzee angemwonea, kilikuwa kimegeuzwa. Ndani yake aliona matawi ya mikaratusi na anga. Mzee alikuwa amekigeuza kwa adabu, asije akamtazama mkamwana wake njia nzima.

Hofu ikaanza pale. Haikuwa ile ya kila asubuhi. Hii ilikuwa ya kuvutwa na mtu asiyekuona.

Mteremko waliushuka. Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, mnyororo ukabaki umekaza, usukani aliuzungusha kwa kifua na mabega, jasho likimtiririka machoni. "Kyala wangu, Kyala wangu," alikuwa akimwita Mungu kila kona, na kila kona usukani ulisaga kama jiwe la kusagia. Wakavuka daraja, wakaanza kupanda tena. Mbele palikuwa na kona ya kulia, na upande huo huo wa kulia palikuwa na bonde. Chini kabisa mto unasikika, hauonekani.

Anayevutwa anajua hili: gari la nyuma hutaka kukata kona. La mbele likipinda kulia, mnyororo hukuvuta ndani, kulia, moja kwa moja, na wewe ndiye wa kulilazimisha gari lako lipite nje. Tulinagwe akaushika usukani, akavuta kushoto kwa nguvu zote.

Ukawa mwepesi.

Kwa muda wa kupepesa jicho alishukuru. Kisha akaona usukani umezunguka duara zima mikononi mwake na pua ya haisi haijaenda kushoto hata kidogo. Akaurudisha kulia. Mwepesi. Kushoto. Mwepesi, kama sufuria tupu. Haukuwa umeshikana na kitu chochote.

Mkojo ulimtoka, na hakuna aibu kulisema. Aligandamiza breki akainuka kwenye kiti. Magurudumu yakajifunga, yakawa yanateleza kwenye tope, na mnyororo ukaendelea kumvuta kulia, kwenye ukingo. Mbele, mzee akahisi uzito. Angefikiri nini dereva wa trekta? Tope. Tope limemshika. Akaongeza moto.

Tulinagwe akapiga honi, mara moja, ndefu. Lendirova ikanguruma zaidi, kwa maana mtu akipigiwa honi na gari analolivuta kwenye tope, husikia "vuta!" Akapiga tena. Mzee akavuta tena. Kila honi ilikuwa inamsogeza karibu na bonde, akaiachia kama imemuunguza.

Aruke? Mlango wake ulikuwa upande wa kulia, wa bondeni. Upande wa kushoto ni madumu. Tairi la mbele la kulia likakanyaga ukingo, udongo ukamomonyoka, haisi ikainama, na maziwa yakaanza kumwagika yakimlowesha miguu. Alimwona Hellen, alivyokuwa amemwacha asubuhi anakunywa uji, na alijua kabisa, bila shaka yoyote, kwamba anakufa.

Akapiga kelele. "Baba! Baba simama!" Lakini baba ni neno la watu wote, nalo lilimezwa na ngurumo. Akaita kwa Kinyakyusa, "Taata!" Lendirova ikavuta. Basi akatoa kichwa dirishani, juu ya bonde, akajaza mapafu, akaita kile ambacho tangu aolewe hakikuwahi kupita kwenye meno yake.

"AMBINDWILEEE!"

Hakuna aliyekuwa akimwita mzee hivyo. Waliokuwa na haki ya kumwita jina tupu, wazazi na kaka zake, walikwisha kufa wote. Lendirova ikasimama ghafla kama imegonga ukuta, ikazimika. Ikawa kimya. Haisi ikabaki imeinama, tairi moja linaning'inia hewani, mnyororo umekaza mpaka unalia.

Mzee hakushuka mara moja. Alivuta breki ya mkono, akaweka gia, akashuka na mawe akazuia matairi yake yote. Kisha akaja. Tulinagwe alikwisha kusukuma madumu na kutambaa akatoka upande wa kushoto. Akaanguka magoti kwenye tope, uso chini, khanga imepotea, kichwa wazi. Alikuwa analia, na hata katika kulia alikuwa anafikiri: nimemtukana mkwe wangu, itabidi kwetu watoe ng'ombe wa faini, nitaambiwa sikulelewa.

Aliiona miguu ya mzee ikipita, viatu vya mpira. Ilienda mpaka mbele ya haisi, ikapiga magoti, ikalala. Mzee alikuwa anatazama chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Fimbo ya usukani ilikuwa imekatika vipande viwili, pale pale fundi wa mjini alipoikata akaiunga kwa kuchomea ili ifikie ile diffu isiyokuwa yake. Nusu ya ufa ilikuwa na kutu ya zamani. Ilikuwa ikikatika siku nyingi, kidogo kidogo, na mtu yeyote ambaye angelala chini usukani ukitikiswa angeiona.

Mzee alitoka chini ya gari. Akakaa chini kwenye tope kama mtoto, karibu na mkamwana wake.

"Ungekufa," alisema. "Ungekufa, nami nimekupa mgongo."

Tulinagwe aliendelea kutazama tope.

"Niliisikia honi. Nikadhani unasema nivute." Akajifuta midomo kwa kiganja. "Gwe mwana, ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Inua uso."

"Nisamehe, baba. Jina..."

"Inua uso nikuone kama u mzima."

Akauinua. Macho ya mzee yalikuwa ya kahawia, mekundu pembeni, yamejaa machozi, na yalikuwa yanamtazama yeye. Alitaka kuyakimbia, kama alivyozoea, na hakukimbia. Walikaa hivyo mvua ikianza kunyesha, hadi Yussuph, aliyepigiwa simu na kuelezwa fimbo ilivyokatika, alipofika kwa bodaboda na fimbo nyingine begani, akashangaa kuwakuta wamekaa pamoja, akawa na akili ya kutouliza.

Walilirudisha gari njiani kwa jeki na mawe, Yussuph akafunga fimbo, mzee akiwa chini naye akitazama kila nati. Mkanda Yussuph hakuwa nao, bado ilikuwa lazima avutwe mpaka Makandana, na Tulinagwe akapanda tena kwenye kile kiti. Mzee akaja dirishani. Hakutuma mtu.

"Honi moja ni nini?"

"Simama, baba."

"Na mbili?"

"Vuta."

Mzee alitikisa kichwa kukubali, akageuka kwenda, akarudi.

"Na honi ikigoma," alisema, "niite kama ulivyoniita."