Simone wa Lubunga na Neno Aliloligeuza

Alizaliwa Yanonge mwaka 1969, katika ukoo wa wavuvi walioishi kwa mto na kuzikwa kando yake. Baba yake, papa Augustin Botowa, alikuwa katekista. Nyumbani walisema Kilokele, sokoni Kilingala, kanisani Kiswahili, na mtoto akakua na lugha tatu mdomoni kabla hajajua kusoma. Shangazi zake walimtania kwamba hata usingizini huota mara tatu, mara moja kwa kila lugha. Hakuna aliyefikiri kwamba kipaji hicho ndicho kingekuja kumwangusha.

Aliolewa Lubunga, sehemu ya jiji la Kisangani iliyo ng'ambo ya kushoto ya mto, na mfanyakazi wa reli aliyefariki mapema akamwachia mtoto mmoja, Merdi. Aliuza samaki wa moshi, na Jumapili alifanya kazi iliyompa jina mjini: padri alihubiri kwa Kiswahili, naye, amesimama chini ya altare, akawageuzia Kilingala wale ambao Kiswahili kiliwapita. Waamini walimwita Mdomo wa Padri. Sitaficha kwamba alijivunia. Wanaoandika habari za watakatifu hupenda kuwasafisha tangu tumboni mwa mama zao, na mimi kazi hiyo siiwezi.

Mwezi wa kumi mwaka 2009, mtumbwi wa moteri uliojaa kupita kiasi ulipinduka ukikaribia Lubunga. Merdi alikuwa ndani, akirudi kutoka shule. Aliyeuendesha alikuwa kijana Asumani, mtoto wa mama Karima, mjane wa ukoo wa Kiislamu wa komyuni, yaani tarafa, ya Kisangani aliyeuza mikate palepale ukingoni. Asumani alizamia tena na tena. Mwishowe akatoka majini, akapiga magoti mbele ya Simone, akasema: "Nilimukosa, mama. Nilinyoosha mukono, nilimukosa."

Msomaji wa mbali anahitaji kuelezwa jambo hapa. Kwa Kiswahili cha kwetu, kumkosa mtu ni kushindwa kumfikia, kushindwa kumshika. Kwa Kilingala, kokosa ni kudanganya. Kisangani tunalicheka neno hili kila siku. Mgeni akilichanganya tunamsahihisha na maisha yanaendelea. Lakini majira yale ulikuwako uvumi kwamba wenye mitumbwi huwadanganya watoto na kuwatoa kafara kwa mamiwata, pepo wa majini, ili wapate mali. Umati ulikuwa umekusanyika, wengi wao watu wa Kilingala, na mmoja akamwuliza Mdomo wa Padri: "Alobi nini?" Amesema nini?

Simone alijua. Hakuna mtu mjini aliyejua kuliko yeye. Mtoto wake alikuwa mtoni, na aliyekuwa naye mara ya mwisho alikuwa hai mbele yake, akipumua. Akajibu: "Alobi akosaki mwana." Amesema alimdanganya mtoto.

Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema, lakini siku ile uliua. Asumani hakuelewa kilichosemwa juu yake mpaka pigo la kwanza. Alimtazama Simone, akisubiri aseme tena vizuri. Simone hakusema. Mama Karima alishikiliwa nyuma ya meza yake ya mikate mpaka mambo yakaisha. Merdi aliopolewa kesho yake, akazikwa na watu wengi. Asumani alizikwa na wachache, kwa haraka. Tangu hapo hakuna aliyenunua mkate kwa mama wa mchawi, na Karima akalazimika kuhama.

Simone aliendelea na kazi yake kanisani. Watu walimwonea huruma, wakamletea mihogo na mafuta, naye akala. Ila kila Misa ilipofika sala ya kuungama, padri akasema "nimekosa", Simone alikwama. Kwa Kilingala toba ina neno lake jingine, nalo alilijua. Lakini akilini lilikuja lile la ukingoni, akanyamaza, na waamini wakadhani anamlilia mtoto wake. Alikonda. Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya aibu: hakuogopa moto wa milele kama alivyoogopa wauza samaki wenzake kujua. Miaka ikapita hivyo.

Mwaka 2012, katika Kwaresima, alimwungamia padri Faustin. Maneno ya ungamo hilo tunayajua kwa kuwa yeye mwenyewe aliyasimulia baadaye, hadharani. Padri alimwondolea dhambi. Alipotaka kuinuka, padri akamwambia: "Mama Simone, Mungu alisikia. Mais watu wa ku rive, bado." Lakini watu wa ukingoni, bado hawajasikia. Simone akajibu, "Mon père, wataniua."

Jumamosi ya soko iliyofuata Simone alishuka ukingoni. Kwanza alivuka mto kumtafuta Karima kule alikohamia, akamsihi waende pamoja. Karima alifuata. Penye mitumbwi Simone akapaza ile sauti iliyozoeleka kanisani, kwa Kiswahili kisha kwa Kilingala: "Asumani hakumudanganya mutoto. Alinyoosha mukono, akamukosa. Nilijua. Mimi ndiye niligeuza neno." Wengi wa waliopiga walikuwa pale pale, wakinunua chumvi. Ukweli wa Simone uliwafanya wao pia kuwa wauaji wa mtu asiye na hatia, na zawadi hiyo hakuna aliyeitaka. Walianza kumzomea. Tonton Hugues, shemeji yake, alimvuta mkono: "Nyamaza, belle-sœur. Utatuua sisi wote."

Simone alipiga magoti mbele ya Karima, akaomba msamaha. Wapo wanaotaka niandike kwamba Karima alimkumbatia. Hakumkumbatia. Alisema: "Mama Merdi, sina na pardon ya kukupa. Jina ya mutoto wangu ilifia hapa. Irudishe hapa."

Hilo ndilo likawa malipizi yake, makubwa kuliko yoyote ambayo padri angethubutu kumpa. Aliacha kutafsiri kanisani. Kila asubuhi alishuka ukingoni mitumbwi ilipofika, akasimama penye matope, akasema maneno yaleyale kwa lugha zote mbili, kisha akaenda kuuza samaki, kama kulikuwa na wa kununua. Watu walimwita kichaa. Mwaka wa pili wa kazi hiyo alivamiwa karibu na reli na kupigwa mpaka taya likavunjika. Waliompiga hawakujulikana, au walijulikana na hakuna aliyesema. Kwetu mambo haya mawili hufanana. Taya liliunga vibaya. Mdomo wa Padri ukawa mdomo uliopinda, na watoto waliigiza anavyosema. Alirudi ukingoni alipoweza kusimama. Mpwa wake Claudine alimwuliza kwa nini anaendelea ilhali hakuna anayemsikiliza, naye akasema: "Siku ile walinisikiliza mara moja tu, basi ilitosha."

Karima alikuwa amerudi na meza yake ya mikate. Hakumsalimia Simone wala hakumfukuza. Alipanga mikate yake na kumsikia, asubuhi baada ya asubuhi, akilitaja jina la mwanawe. Hivyo ndivyo wanawake wale wawili walivyoishi miaka ile yote.

Simone alifariki mwaka 2018, majira ya mvua, kwa homa. Wapo wanaodai alikufa akilitaja jina la Yesu. Claudine, aliyemuuguza, anasema alitaja jina la Asumani, nami namwamini Claudine. Waliomzika walikuwa wachache.

Maajabu yanayosimuliwa juu yake ni mengi, na mengi siyajui. Nasimulia moja nililolishuhudia. Mwaka 2021 mtumbwi ulipinduka tena mbele ya Lubunga, na msichana mdogo akazama. Mwendeshaji, kijana Jeancy wa kutoka Isangi, alitoka majini akilia: "Nilimukosa." Umati ukajaa, wanaume wakaokota mbao, na sauti ikauliza swali lilelile: "Alobi nini?" Nilikuwapo. Mimi nami ni padri, kama Faustin, na nilinyamaza, kwa kuwa niliogopa. Aliyejibu ni mama Karima, akisimama mbele ya Jeancy na unga bado mikononi: "Alobi alukaki kosimba ye, akokaki te." Amesema alijaribu kumshika, hakuweza. Akarudia kwa Kiswahili, kwa maneno yaleyale ya Simone: alinyoosha mukono, akamukosa. Watu walimjua ni nani. Mbao zikashushwa moja moja. Msichana alizikwa, na Jeancy yu hai. Bado anavusha watu.

Baadaye nilimwuliza Karima kama amemsamehe Simone. Alifuta meza yake kwanza. "Bado, mon père. Mais alinifundisha kusema."

Kanisa halijamtangaza Simone kuwa mtakatifu, na huenda halitamtangaza. Watu wa ukingoni hawakusubiri. Wewe unayetaka kumfuata, usianze na kufunga wala kuhiji. Jumapili hii ukijipiga kifua useme "nimekosa", mtaje moyoni yule uliyemkosea, kisha toka nje, urudi pale pale ulipolisema neno lako, uliseme upya wakiwapo walioliamini. Usipopokelewa, kesho urudi tena.