Utando Ndani ya Beseni

Nikifumba macho naliona tena beseni lile jeupe, na utando ukielea ndani ya maji ya chumvi, mwembamba, ukipitisha mwanga wa dirisha. Nje jakaranda zilikuwa zimechanua. Barabarani watu waliitana "citoyen", "citoyenne", yaani raia, kama serikali ilivyoagiza; ndani ya labo ya hospitali, nilikofanya kazi, kulikuwa kimya, nami nilikuwa na mimba kubwa, naosha, naota.

Ulikuwa utando wa mbuzi, wa kujifunzia tu. Ni ule mfuko unaomfunika mtoto tumboni. Munganga wetu, daktari wa hospitali, aliamini kwamba ule wa binadamu, ukisafishwa vizuri, unaweza kuwa bandeji ya watu walioungua. Nami nilitaka sana awe anasema kweli, kwa ajili ya yaya, dada yangu mkubwa wa mtaa wa Bel-Air. Alikuwa fundi wa kushona, na mafuta ya moto yalimmwagikia mkono wa kuume. Kitambaa cha hospitali kilinata kidondani. Kila tulipokibandua kilitoka na ngozi changa, na yaya alipiga yowe hadi nikalia naye. Vidole vilianza kujikunja. Munganga aliniambia kando kwamba vikibaki vile, hatashika sindano tena.

Pale maternité, wodi ya wazazi, kila mama niliyemwomba utando alinikatalia. Kondo linazikwa nyumbani, ndipo mtoto ajue kwao. Sikuwalaumu, maana hata mama yangu, kule Kampemba, alikuwa amekwisha chagua mahali nyuma ya jiko, akimngoja mjukuu.

Nikamwambia mama kwamba utando wangu nitampa yaya.

"Mawee! Weye iko na akili kweli? Mutoto akose udongo wake?"

"Na yaya akose mukono, mama?"

Akaninunia. Nami nilikasirika, oh, nilikasirika! Na bado, pamoja na hasira zote, nilitamani anipikie bukari, ule ugali wake.

Nilijifungua asubuhi, mtoto msichana. Nilisinzia kidogo, nikafumbua macho nikamwona mama amesimama, kikwembe kimekazwa kiunoni, amekumbatia bakuli lenye kondo na utando.

"Kondo nitazika miye," alisema. "Huu mufuko, bamupelekee dada yako. Upesi, roho yangu isigeuke."

Munganga aliuosha mwenyewe. Nilikuwepo ulipotandazwa kidondani, nimempakata mwanangu. Ulilala pale bila mkunjo. Yaya alikuwa ameukaza uso, akingoja maumivu.

"Munaanza sasa?" akauliza.

Tulikuwa tumekwisha maliza. Nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Ngozi ikaota polepole chini yake, na utando ukakauka, ukadondoka wenyewe. Yaya akarudi kwenye mashini yake. Gauni la kwanza alilolishona lilikuwa dogo sana.

Binti yangu alikua akiijua habari yote. Siku moja wenzake walimwuliza kondo lake lilizikwa wapi, kwao hasa ni wapi. Hakuonyesha nyuma ya jiko. Alimkimbilia mama mukubwa, akaushika ule mkono wenye makovu, akauweka shavuni.

"Kwetu njo hapa," akasema.

Mama yangu aligeuka haraka, akainama kupuliza makaa ya mbabula ambayo haikuwa na moto.